Kilwa: Setilaiti hupima miti, moto hupita kwenye nyasi

*Ramani za kimo cha mimea sasa zinapatikana bure. Vijiji vya Lindi vinaweza kuzitumia kupanga moto, ila kalenda ya nyasi haisubiri ofisi.*

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Septemba, ukiacha barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Kiranjeranje na kushika njia ya vumbi ya Nanjirinji, unapita katika msitu wenye sura mbili. Chini ardhi ni nyeusi. Mashina yameungua hadi usawa wa kifua, na upepo ukipiga huinua majivu. Juu, mitondoro na miyombo imeshachipua majani mapya, mengine mekundu, mengine ya kijani kibichi, ilhali mvua ya kwanza bado iko mbali.

Anayepita kwa miguu huona moto uliopita. Setilaiti inayopita juu yake wiki mbili tatu baadaye huona majani.

Tofauti hiyo ya macho imeanza kuwa na uzito. Katika miaka michache iliyopita, ramani zinazoonyesha kimo cha mimea, zilizotengenezwa kwa picha na vipimo vya setilaiti, zimewekwa wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Kwingineko duniani zinatumika kupanga namna ya kukabili moto wa porini. Kwa Kilwa na ukanda wote wa Lindi, swali ni kama ramani hizo zinaweza kuonyesha mahali pa kuwasha moto mdogo mapema, ili moto kichaa wa mwisho wa kiangazi ukija ukose cha kula.

Jibu ni kwamba zinaweza, lakini si peke yake. Ramani inajua miti. Moto wa Kilwa hutembea kwenye nyasi, na nyasi zinajulikana vizuri zaidi na watu wanaozipita kila siku.

Msitu wenye bei

Wilaya ya Kilwa ina mchanganyiko wa mimea usioonekana pengi. Kando ya bahari kuna mikoko, kisha vichaka vizito vya pwani. Ukielekea magharibi huanza miombo, iliyokatwa na mabonde ya mito Matandu, Mavuji na Mbwemkuru. Humo kuna mninga, mkongo, mpangapanga na mtondoro. Humo pia kuna mpingo, mti ambao mbao zake nyeusi hutengenezewa vinyago vya Wamakonde na ala za muziki kama klarineti na oboi.

Mwaka 2009 misitu hii iliingia katika historia ya bara zima. Kupitia shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative (MCDI), lenye makao yake Kilwa Masoko, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, chombo cha kimataifa kinachothibitisha usimamizi bora wa misitu. Kilikuwa cheti cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Vijiji vingine vilifuata.

Msingi wa kisheria ulikuwa umeshawekwa. Sera ya Misitu ya mwaka 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliwezesha kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia kupitia Kamati ya Maliasili na kunufaika na mapato ya uvunaji. Kwa kijiji cha aina hiyo, mti si pori tena. Ni darasa, ni zahanati, ni kisima.

Kwa hiyo moto unapoingia msituni hauteketezi majani makavu peke yake. Unagusa bajeti ya kijiji. Na hauishii msituni: shamba la mikorosho lililo jirani na nyasi ndefu linaweza kuungua katika miezi ileile ambayo mkulima anasubiri kuokota korosho.

Moto una majira yake

Katika ukanda huu mvua hukatika karibu na Mei. Nyasi zilizokua msimu mzima hubaki zimesimama, na katika baadhi ya mabonde humpita mtu kimo. Mei na Juni bado zina unyevu chini, na usiku kuna umande. Moto ukiwashwa jioni hutambaa polepole, huacha viraka visivyoungua, na mara nyingi hujizimikia wenyewe kabla ya alfajiri.

Ikifika Septemba na Oktoba mambo hubadilika. Nyasi zimekauka hadi shinani, majani yaliyopukutika yametanda chini ya miti, na jua ni kali. Moto huohuo ukiwashwa saa nane mchana hukimbia, na ukikutana na upepo hakuna wa kuusimamisha.

Wanaouwasha wana sababu zao. Mkulima wa ufuta husafisha shamba alilofyeka. Mrina asali hutumia moshi. Mwindaji wa ndezi hutaka kuona mbali. Mfugaji hutafuta majani machanga yanayochipua baada ya kuungua. Wapo wanaochoma kufungua njia na kufukuza nyoka. Wengi wao hawakukusudia kuchoma msitu. Waliwasha moto wao wakaondoka.

Hapo ndipo hoja ya uchomaji wa mapema inapoingia. Badala ya kungoja moto kichaa, kamati ya kijiji huchoma kwa vipande nyasi zikiwa bado mbichimbichi, hasa mipakani na kando ya njia. Vipande vilivyoungua mapema huwa uzio: moto wa Oktoba ukifika hapo hufa kwa njaa.

Hoja hiyo ina ushahidi wa miaka mingi. Huko Ndola, Zambia, majaribio yaliyoanza miaka ya 1930 yaligawa msitu wa miombo katika vipande. Kimoja kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kingine mapema, kingine kililindwa kabisa dhidi ya moto. Miongo ilipopita, kipande cha moto wa mwishoni kilikuwa kimepoteza miti yake mingi na kugeuka uwanda wa nyasi. Cha moto wa mapema kilibaki na miti. Kilicholindwa kilisongamana na kuanza kuelekea kuwa msitu mzito.

> Moto uleule, mahali palepale, ukiwashwa Juni huacha msitu. Ukiwashwa Oktoba mwaka hadi mwaka, huacha nyasi.

Kimo ndicho uhai

Kwa nini kimo cha mmea kiwe na maana katika habari hii? Kwa sababu katika miombo mti huponea urefu.

Mti mkubwa wenye gome nene huungua shina kwa nje na kuendelea kuishi. Mche hauna bahati hiyo. Ukiwa mfupi kuliko mwali, sehemu yote iliyo juu ya ardhi hufa. Mizizi hubaki hai na kuchipua tena, moto wa mwaka unaofuata hukata tena, na mchezo huendelea. Mninga ni mfano unaojulikana sana: mche wake unaweza kufa juu na kuchipua upya kwa miaka kadhaa, huku ukijenga mzizi ardhini, kabla haujapata nguvu ya kurefuka kwa kasi na kuuvuka mwali.

Ndiyo maana mtu anaweza kuingia katika msitu wa kijiji na kukuta mipingo mikubwa ya kuvuna leo, na chini yake miche mingi isiyofika magotini, bila mti wa makamo hata mmoja. Msitu huo una mapato ya sasa na hauna mrithi. Mpingo hukua polepole mno, hivyo pengo la aina hiyo haliwezi kuzibwa katika uhai wa kizazi kimoja.

Katika misitu ya wazi ya Afrika, mche unaofikisha mita 2 hadi 3 huwa umeanza kutoka katika mtego wa moto. Lakini mtego wenyewe hauna kimo kimoja. Mwali wa Juni ni mfupi, mwali wa Oktoba ni mrefu. Kuchoma mapema ni kuushusha mtego.

Kuna sababu ya pili. Palipo na miti mirefu iliyofunga vilele, kivuli huzuia nyasi, na palipo na nyasi haba moto hudhoofu. Palipo na miti mifupi iliyotawanyika, jua hufika chini na nyasi hushamiri. Ukijua kimo cha miti na jinsi vilele vilivyofungana, unaweza kukisia mahali ambapo kuni za moto zitarundikana mwaka huu na mwaka ujao.

Jinsi mti unavyopimwa kutoka angani

Zamani kimo cha mti kilijulikana kwa mpimaji kusimama chini yake na kifaa chake. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ilifanywa hivyo: timu zilitembea nchi nzima zikipima unene na kimo cha miti katika viwanja vya sampuli. Ilikadiria kuwa Tanzania ina hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya eneo la nchi kavu, na zaidi ya asilimia 90 ya misitu hiyo ni ya wazi, miombo ikiwamo.

Kazi hiyo ni ya thamani kubwa, na ni ghali. Haiwezi kurudiwa kila mwaka.

Desemba 2018 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipeleka katika Kituo cha Kimataifa cha Anga kifaa kiitwacho GEDI. Hurusha mwanga wa leza ardhini na kupima jinsi mwanga huo unavyorudi. Sehemu inayogonga kilele hurudi mapema kidogo. Inayopenya hadi ardhini huchelewa. Tofauti ya muda, inayohesabiwa kwa sehemu za bilioni za sekunde, hutoa kimo. Kila pigo hugusa duara la mita 25, na mapigo hufuatana takriban kila mita 60 kwenye mstari.

Kati ya mstari na mstari kuna mamia ya mita zisizoguswa. Hapo watafiti hutumia picha za kawaida za setilaiti. Kompyuta hufundishwa kulinganisha vipimo vya leza na rangi za picha, kisha hukisia kimo mahali ambapo leza haikupita. Chuo Kikuu cha Maryland kilitoa ramani ya dunia nzima yenye miraba ya mita 30 kwa kutumia picha za Landsat. Chuo cha ETH Zurich cha Uswisi kikafuata na ya mita 10 kwa picha za Sentinel-2 za Ulaya. Mwaka 2024 kampuni ya Meta na taasisi ya World Resources Institute zilitoa ya mita 1.

Ipo njia ya tatu, rada. Mawimbi marefu ya rada hupenya mawingu na majani, kisha hurudishwa na matawi na mashina. Aprili 2025 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti ya Biomass, ambayo wimbi lake lina urefu wa karibu sentimita 70, kwa ajili ya kupima uzito wa miti katika misitu ya tropiki. Inafaa sana kuhesabu kaboni ya nchi. Kwa kupanga moto wa kijiji kimoja, macho yake ni mapana mno.

California si Kilwa

Wazo la kupanga moto kwa kutumia kimo cha mimea limekomaa zaidi magharibi mwa Marekani. Huko moto unaotisha ni ule unaopanda. Huanza chini, hushika vichaka, hupanda matawi ya chini ya misonobari, na ukifika vileleni huruka kutoka mti hadi mti na kuingia mitaani. Mpangaji wa California anapotazama ramani ya kimo, hutafuta ngazi hizo: mahali ambapo mimea mifupi, ya kati na mirefu imeshikana.

Kilwa hali ni nyingine. Moto wa miombo kwa kawaida hubaki chini. Hula nyasi na majani makavu, huunguza mashina, na ni nadra kupanda vileleni. Mti mrefu ambao California unaweza kuhesabiwa kuwa kuni, Kilwa huwa kinga, kwa kuwa hutupa kivuli juu ya nyasi na kilele chake kiko mbali na mwali.

Kwa hiyo anayechukua programu iliyotengenezwa kwa misitu ya misonobari na kuiweka juu ya ramani ya Lindi atapata majibu yaliyopinduka. Atapaka rangi nyekundu ya hatari juu ya misitu mizito ya pwani, ambako moto huingia kwa shida na kuishia kingoni, kisha atapaka rangi ya usalama juu ya mabonde ya nyasi ambako moto kichaa huanzia.

> California ramani ya kimo huonyesha moto utakapopandia. Kilwa huonyesha mahali ambapo kivuli kimekosekana.

Mahali ambapo ramani haioni

Hata ikisomwa kwa akili za miombo, ramani ya kimo ina upofu wake, na upofu huo unaangukia pabaya.

Kwanza, leza ya angani hupata shida na mimea mifupi. Mti wa mita 15 hutenganisha vizuri mwangwi wa kilele na mwangwi wa ardhi. Mche wa mita 1 au 2 huichanganya miangwi hiyo miwili kuwa mmoja, hasa kwenye mteremko. Ina maana kwamba sehemu ambamo hatima ya mninga na mpingo huamuliwa, kati ya magoti na mita 3, ndiyo inayopimwa kwa mashaka zaidi.

Pili, miti ya miombo hupukutisha majani. Kipimo cha kilele kikichukuliwa wakati miti ni mitupu kinaweza kutofautiana na cha wakati wa mvua bila mti kukatwa wala kuota. Wakati wa mvua nako mawingu huziba picha za kawaida.

Tatu, ramani huzeeka. Vipimo vya GEDI vilianza kukusanywa mwaka 2019, na kifaa kilisimama kuanzia Machi 2023 hadi mwaka uliofuata. Ramani ya mita 1 imetokana na picha za miaka tofauti zilizounganishwa. Kwa mti mkubwa, miaka michache si kitu. Kwa nyasi, miezi miwili ni umri mzima: Aprili ni kijani, Juni zinawaka kwa shida, Septemba zinawaka kwa cheche.

Ramani za moto wenyewe zina kasoro ya aina yake. Huduma ya FIRMS ya NASA hutangaza sehemu zenye joto ndani ya saa chache baada ya setilaiti kupita, kwa vipimo vya mita 375 hadi kilomita 1. Moto kichaa wa Oktoba huonekana vizuri. Moto wa kamati ya kijiji, mdogo, wa jioni, uliozimika usiku, huweza kukwepa jicho kabisa. Kijiji kilichofanya kazi yake kwa uangalifu kinaweza kuonekana kwenye takwimu kana kwamba hakikufanya lolote.

Nani aliwasha?

Suala la moto Kilwa halijawahi kuwa la kitaalamu tupu. Lina lawama ndani yake.

Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao katika bonde la Usangu na Ihefu, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Vijiji ambavyo havikuzoea makundi makubwa ya ng'ombe vikajikuta na majirani wapya. Tangu hapo, msitu ukiungua, kidole cha kwanza mara nyingi huelekezwa kwa mfugaji.

Mfugaji naye ana hoja. Ng'ombe hula nyasi, na nyasi zilizoliwa haziungui. Bonde lililochungwa vizuri hadi Julai ni uzio wa moto usiogharimu shilingi. Kinyume chake, mfugaji anayechoma ili majani yachipue anaweza kuiharibu kazi ya kamati kwa kiberiti kimoja. Yote mawili ni kweli, na mpango usiomkalisha mfugaji mezani utaona nusu moja tu.

Mkulima wa kuhamahama anasema alichoma shamba lake, si msitu. Wawindaji na warina asali hawana chama cha kuwasemea. Sheria ya Misitu inazuia kuchoma mimea hovyo bila idhini, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) pamoja na halmashauri hutoa makatazo kila kiangazi. Lakini katazo lisilotofautisha moto wa Juni na wa Oktoba huwatisha wale waliotaka kuchoma kwa mpango, huku wachomaji wa usiku wakiendelea.

Setilaiti haiwezi kumaliza ugomvi huu. Inaweza kusema moto ulikuwa wapi na lini. Haisemi ni nani. Ikiletwa kijijini kama shahidi wa mashtaka, itakataliwa mapema. Ikiletwa kama karatasi ya kupangia kazi, huenda ikasikilizwa.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kwa kila jambo. Wapo wanaosema kuchoma mapema kila mwaka bado kunaua miche, na kwamba kipande chenye miche mingi kinapaswa kupumzishwa miaka kadhaa ili kivuke mwali. Wengine wanajibu kuwa kipande kinachopumzishwa hulimbikiza nyasi na majani, na kikishika moto wa Oktoba hasara ni kubwa kuliko faida. Hapa ramani ya kimo ina kazi halisi: kuonyesha mahali ambapo miti tayari imevuka na mahali ambapo bado, ili kupumzisha na kuchoma kusifanywe kwa kubahatisha.

Fedha zilizo kwenye hewa

Nyuma ya ramani hizi kuna pia biashara. Mti unaoungua hutoa hewa ukaa. Mti unaookoka huihifadhi. Kilwa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyojaribu kulipwa kwa tofauti hiyo.

Kwa ufadhili wa Norway, MCDI na washirika wake, kikiwamo Chuo Kikuu cha Edinburgh, walifanya mradi wa majaribio wa MKUHUMI, mpango wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji na uharibifu wa misitu. Waliandaa utaratibu wa kukokotoa kaboni inayookolewa pale moto wa mapema unapochukua nafasi ya moto wa mwishoni katika miombo ya mashariki. Utaratibu huo ulipitishwa mwaka 2015 na chombo ambacho leo kinaitwa Verra, kwa namba VM0029.

Kaskazini mwa Australia njia inayofanana na hiyo ilikuwa imeshafika mbali. Kuanzia mwaka 2006, wenyeji wa asili wa Arnhem Land magharibi wamekuwa wakilipwa kwa kuchoma mapema na kuzuia moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi. Wana eneo pana na watu wachache, na walianza wakiwa na mnunuzi wa uhakika. Vijiji vya Lindi vina maeneo madogo zaidi, mipaka mingi, na soko la kaboni ambalo bei yake hupanda na kushuka bila kuuliza mtu wa Kikole.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilicho katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndicho kinachosimamia masuala ya kitaalamu. Katika hesabu za kitaifa, eneo huitwa msitu likiwa na angalau nusu hekta, vilele vinavyofunika asilimia 10, na miti iliyofika au inayoweza kufika mita 3.

Hizo mita 3 zinastahili kutazamwa tena. Ni karibu na kimo ambacho mche wa mninga huanza kuponea, na karibu na hapo ndipo leza ya angani huanza kuona kwa uhakika zaidi. Chini ya hapo ramani inakisia, na mnunuzi wa kaboni hapendi kukisia. Kijiji kikitaka kuthibitisha kwamba miche yake inavuka, itabidi vijana wake waingie msituni na fimbo zenye alama za vipimo, wahesabu na waandike.

> Setilaiti itasema msitu umesimama. Kijiji ndicho kitakachosema kama una watoto.

Mpango wa karatasi moja

Tukiweka hoja zote pamoja, kinachohitajika Kilwa si ramani ya kifahari. Ni karatasi moja kwa kila kijiji chenye msitu wa hifadhi, iliyo tayari kabla nyasi hazijakauka.

Karatasi hiyo ingechukua kutoka angani vitu vitatu: kimo na ufungaji wa vilele, historia ya maeneo yaliyoungua miaka iliyopita, na mabonde ya nyasi ya mwaka huu kama yanavyoonekana kwenye picha mpya za Sentinel-2, ambazo hupatikana bure kila baada ya siku chache anga likiwa wazi.

Ingechukua kutoka ardhini vitu vinne: kimo cha nyasi kilichopimwa na kamati mwezi Mei, mahali penye miche ya mpingo na mninga, mashamba yatakayosafishwa mwaka huu pamoja na tarehe za kuyachoma, na njia za mifugo. Matokeo yangekuwa mistari michache ya rangi: hapa tuchome Juni, hapa tupumzishe, hapa tuwaachie ng'ombe, hapa mkulima asichome bila kuita watu.

Hakuna katika hayo kisichowezekana. Data ni bure. Kamati zipo. Ofisi za misitu za wilaya zina watu waliosoma kutumia ramani, na MCDI imefanya kazi na vijiji hivi kwa miaka mingi. Kinachokwamisha ni kalenda nyingine kabisa.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Fedha za mwaka mpya zinapoanza kushuka wilayani, dirisha la kuchoma mapema limekaribia kufungwa au limefungwa. Posho za doria, mafuta ya pikipiki na maji ya kunywa ya wachomaji huhitajika Mei na Juni, robo ya mwisho ya mwaka wa fedha, wakati mafungu mengi yamekauka kuliko nyasi. Vijiji vyenye mapato ya mbao vinaweza kujigharamia. Visivyo na mapato hungoja.

Madiwani wa Kilwa, Liwale, Nachingwea, Ruangwa na Lindi hawahitaji setilaiti ili kulirekebisha hilo. Wanahitaji kuandika fungu la moto katika robo ya nne ya bajeti, kulilinda lisihamishwe, na kudai karatasi ya kila kijiji mezani kabla ya Aprili kwisha.